Kwenye Reli ya Gyumri Hadi Meghri: Waarmenia na Swali la Usalama

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wahandisi wa Tsar wa Urusi walishusha reli kutoka Tiflis, kitovu cha utawala wake katika Kaukazi. Ikapita Alexandropol, ikateremka hadi Erivan, yaani Yerevan ya leo, kisha ikaandamana na mto Aras mpaka Julfa, mlangoni mwa Uajemi. Wasovieti nao wakairefusha kandokando ya mto huohuo, kupitia Meghri, hadi ikaungana na njia ya Baku. Abiria wa Yerevan aliyetaka kufika Bahari ya Kaspi alipanda treni.

Leo reli hiyo ni vipande. Treni ya kutoka Gyumri kwenda Kars, upande wa Uturuki, ilisimama mwaka 1993. Upande wa kusini, uhasama wa Waarmenia na Waazerbaijani uliifunga njia, na katika wilaya ya Meghri hata vyuma vyenyewe viling'olewa. Kisha, tarehe 8 Agosti 2025, kipande hicho cha Meghri kikawa hoja katika Ikulu ya Marekani. Waziri Mkuu wa Armenia, Nikol Pashinyan, na Rais wa Azerbaijan, Ilham Aliyev, wakatia saini tamko la pamoja mbele ya Rais Donald Trump, wakakubaliana njia hiyo ifunguliwe upya.

Nimeifuata reli hiyo kituo kwa kituo, kwa msaada wa ramani, mikataba na kumbukumbu za wanasiasa, kwa kuwa kila kituo kinatunza jibu ambalo Waarmenia waliwahi kulitoa kwa swali moja: taifa dogo lililozungukwa na wenye nguvu litalindwa na nini? Wengine walijibu kwa ahadi za wakubwa, wengine kwa jemadari wa kigeni, wengine kwa bunduki. Siasa za Armenia za leo, kuanzia ugomvi wa serikali na Kanisa hadi mjadala wa katiba mpya, ni majibizano ya majibu hayo ya zamani.

Gyumri: kambi ya mgeni

Alexandropol ya Tsar iliitwa Leninakan zama za Kisovieti, na sasa ni Gyumri, mji wa pili kwa ukubwa nchini Armenia. Tetemeko la ardhi la tarehe 7 Desemba 1988, lililoua watu wapatao 25,000 kaskazini mwa nchi, liliubomoa vibaya. Mpaka wa Uturuki uko karibu sana. Kusini kidogo, ng'ambo ya mto Akhurian, yanaonekana magofu ya Ani, mji mkuu wa ufalme wa Kiarmenia hadi ulipoangukia mikononi mwa Wabizanti mwaka 1045. Anayetaka kuyakanyaga magofu hayo lazima aingie Uturuki.

Katika mji huu Jamhuri ya kwanza ya Armenia ilikata roho. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1920, wajumbe wake walitia saini mkataba na jemadari wa Kituruki Kâzım Karabekir, huku Jeshi Jekundu likiwa limekwisha kuingia nchini kutoka upande wa pili na serikali iliyowatuma ikiwa imekabidhi madaraka kwa Wabolsheviki. Miezi minne tu kabla ya hapo, Agosti 1920, mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamewaahidi Waarmenia nchi kubwa kwa Mkataba wa Sèvres, na Rais Woodrow Wilson wa Marekani ndiye aliyeichora mipaka yake. Hakuna hata mmoja wa waahidi hao aliyeleta kikosi. Kars ilianguka tarehe 30 Oktoba, na ramani ya Wilson, iliyotolewa Novemba, ikafika wakati nchi yenyewe imekwisha kushindwa.

Tangu siku hizo, Mwarmenia wa kawaida alifundishwa somo moja: bila Urusi, Uturuki itatumaliza. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na juu yake ikajengwa sera ya usalama ya nchi huru baada ya 1991. Gyumri ikawa makao ya kambi ya kijeshi ya Urusi nambari 102, ambayo mkataba wake uliongezwa mwaka 2010 hadi 2044. Walinzi wa mpaka wa Kirusi wakasimama kwenye mipaka ya Uturuki na Iran. Armenia ikajiunga na Jumuiya ya Mkataba wa Usalama wa Pamoja iliyo chini ya Moscow. Septemba 2013, baada ya miaka ya mazungumzo na Umoja wa Ulaya, Rais Serzh Sargsyan alikwenda Moscow na kutangaza kwamba nchi itaingia katika umoja wa forodha wa Urusi.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama. Januari 2015 mwanajeshi mmoja wa kambi ya Gyumri alitoroka na silaha na kuua familia nzima ya watu saba, akiwamo mtoto mchanga. Wenyeji waliandamana wakidai akabidhiwe kwa mamlaka ya Armenia. Pengine walianza kuuliza siku hizo swali ambalo wengi hawakuthubutu kulitamka: anayetulinda ni nani, na analinda nini?

Sardarapat: siku walipojilinda wenyewe

Reli inashuka kusini hadi uwanda mpana wa Ararat. Hapo, karibu na kituo cha Sardarapat, ndipo Waarmenia walipojibu swali la usalama kwa mikono yao wenyewe.

Mei 1918 walikuwa taifa lililovunjika mgongo. Mwaka 1915 serikali ya Milki ya Osmani ilikuwa imeanza kwa kuwakamata wasomi na viongozi wao mjini Constantinople tarehe 24 Aprili, kisha ikawahamisha mamia ya maelfu kwa nguvu kuelekea jangwa la Syria. Wengi waliuawa njiani, wengine walikufa kwa njaa na kiu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba walikufa kati ya watu 600,000 na milioni 1.5. Walionusurika na kukimbilia mashariki walitegemea jeshi la Urusi, lakini mapinduzi ya 1917 yaliwarudisha askari wa Kirusi makwao, na jeshi la Osmani likasonga mbele hadi mlangoni mwa Yerevan.

Hakukuwa tena na pa kukimbilia. Aram Manukian aliupanga mji, akakusanya chakula na risasi. Movses Silikyan aliongoza vikosi. Wakulima, wakimbizi na mapadri walikwenda vitani pamoja na askari, na simulizi za Waarmenia zinasema Katolikosi Gevorg wa Tano, mkuu wa Kanisa la Armenia, alikataa kuondoka makao yake ya Echmiadzin. Baada ya siku kadhaa za mapigano katika Sardarapat, Bash Abaran na Karakilisa, mashambulizi yalizuiwa katika njia ya Yerevan. Uhuru ulitangazwa kwa tarehe ya 28 Mei 1918.

Wanasiasa wote wa Armenia huitaja Sardarapat, lakini mara nyingi husimulia nusu yake. Wiki moja baada ya tangazo la uhuru, tarehe 4 Juni, jamhuri hiyo changa ilisaini huko Batum mkataba mchungu na Milki ya Osmani, ikabaki na kipande kidogo cha ardhi kilichojaa wakimbizi, njaa na maradhi ya kuambukiza. Manukian mwenyewe alikufa kwa maradhi mnamo Januari 1919. Ushujaa uliliokoa taifa lisifutike. Kulilisha, kulitibu na kulipatia mipaka inayotambulika kulihitaji serikali, fedha na mapatano na jirani yuleyule aliyekuwa adui jana.

Echmiadzin: chungu cha Berlin

Si mbali na reli yapo makao makuu ya Kanisa la Kitume la Armenia. Kwa mapokeo, mfalme Tiridates wa Tatu aliufanya Ukristo dini ya dola mwaka 301. Alfabeti ya Mesrop Mashtots ilifuata mnamo 405. Falme zilipoanguka, Kanisa na maandishi vilibaki vikishika nafasi ya dola, na kwa karne nyingi Mwarmenia wa Isfahan, wa Venice au wa Calcutta alijulikana kwa mambo hayo mawili. Kwa hiyo padri katika nchi hii hakuwa mtu wa ibada peke yake, naye alisemea taifa mbele ya masultani na matsar.

Aliyesema neno lililozama zaidi ni Mkrtich Khrimian, ambaye watu walimwita Hayrik, yaani Baba. Mwaka 1878 aliongoza ujumbe wa Waarmenia kwenye Kongamano la Berlin, ambako wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana matokeo ya vita vya Urusi na Osmani. Alirudi na kifungu cha 61 tu, kilichomtaka Sultani afanye mageuzi na kuwalinda Waarmenia wa mikoa ya mashariki. Katika hotuba yake mjini Constantinople alieleza kwamba mezani pale Berlin palikuwa na chungu cha harisa. Wabulgaria, Waserbia na Wamontenegro walichota kwa miiko ya chuma. Yeye alikuwa na mwiko wa karatasi, yaani maombi yake, nao ukalowa na kumezwa na chungu. Harisa ya Waarmenia ni ngano na nyama vilivyopikwa na kupondwa mpaka vikashikana, chakula kilekile ambacho watu wa Mombasa na Zanzibar hukiita bokoboko, kwa hiyo msomaji wa pwani anajua vizuri jinsi mwiko wa karatasi unavyoishia ndani yake.

Vijana walielewa kwamba Baba anawaita kwenye silaha. Vyama vya mapinduzi vikaundwa: Hunchak mwaka 1887, Dashnaktsutyun mwaka 1890. Lakini chuma cha vikundi vidogo hakikutosha mbele ya dola. Kati ya 1894 na 1896, chini ya Sultani Abdülhamid wa Pili, Waarmenia kwa makumi ya maelfu waliuawa, na Ulaya iliyoandika kifungu cha 61 ikatazama. Khrimian alikwisha kuchaguliwa kuwa Katolikosi mwaka 1892, na alikufa mwaka 1907 akiwa ameona karatasi imeshindwa na chuma kimeshindwa.

Historia hiyo inaeleza kwa nini ugomvi wa sasa kati ya Pashinyan na Kanisa unauma kiasi hicho. Mwaka 2024, serikali ilipoirudishia Azerbaijan ardhi ya vijiji vinne vya mpakani katika mkoa wa Tavush, Askofu Mkuu Bagrat Galstanyan aliongoza waandamanaji hadi Yerevan akimtaka Waziri Mkuu ajiuzulu. Mwaka uliofuata Pashinyan alimtaka Katolikosi Karekin wa Pili aondoke madarakani, na Juni 2025 maaskofu wakuu wawili, Galstanyan na Mikael Ajapahyan, walikamatwa kwa tuhuma zinazohusu kuipindua serikali. Serikali ina haki ya kumshtaki yeyote anayepanga kuipindua. Lakini kuamua nani akalie kiti cha Echmiadzin si kazi ya waziri mkuu. Tsar alijaribu kulishika Kanisa hilo mwaka 1903 kwa kunyang'anya mali zake, Khrimian akakataa, na miaka miwili baadaye Tsar akazirudisha.

Yerevan: kumbukumbu yapata sauti

Katika mji mkuu, juu ya kilima cha Tsitsernakaberd, mnara wa mita 44 unasimama kando ya mawe 12 yaliyoinamia mwenge usiozimwa. Ulifunguliwa mwaka 1967, na haukuwa zawadi ya Moscow. Tarehe 24 Aprili 1965, miaka 50 baada ya mauaji, watu wapatao 100,000 waliingia mitaani Yerevan, jambo la ajabu katika nchi ya Kisovieti, wakidai wafu wao wakumbukwe hadharani.

Mwanasheria Raphael Lemkin, aliyelitunga jina la kosa la mauaji ya kimbari mwaka 1944, aliwahi kueleza kwamba yaliyowapata Waarmenia yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma. Mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa Arusha: tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Uturuki hadi leo inakataa kuyaita ya 1915 kwa jina hilo, na ukanaji huo umekuwa sehemu ya hofu ya Mwarmenia. Jirani asiyekiri alichokifanya jana, utamwaminije kesho?

Kwa hofu hiyo, Februari 1988, mamia ya maelfu walijaa uwanja wa Jumba la Opera. Baraza la Nagorno-Karabakh, eneo lenye Waarmenia wengi ambalo Wabolsheviki waliliweka ndani ya Azerbaijan mwaka 1921, lilikuwa limeomba kuhamishiwa Armenia. Siku chache baadaye Waarmenia waliuawa na makundi ya watu mjini Sumgait, karibu na Baku. Kila Mwarmenia aliona 1915 inarudi. Waazerbaijani waliokuwa wakiishi Armenia nao walifukuzwa au wakakimbia kwa makumi ya maelfu. Vita kamili vilipozuka, Waarmenia waliuteka mji wa Shushi mnamo Mei 1992, na hadi usitishaji mapigano wa Mei 1994 walikuwa wameshika Karabakh pamoja na wilaya saba za Azerbaijan zilizoizunguka, nzima au sehemu. Zaidi ya Waazerbaijani 500,000 walipoteza makazi, na katika Khojaly, Februari 1992, raia wao waliuawa kwa mamia. Anayeitaja Sumgait bila Khojaly hasimulii historia, anakusanya mashtaka.

Ushindi huo ulizaa jibu jingine: usalama wetu ni ardhi tuliyoiteka. Rais wa kwanza, Levon Ter-Petrosyan, mwanahistoria na msomi wa lugha za kale, alilitilia shaka. Uturuki ilikuwa imefunga mpaka mwaka 1993, Yerevan ilipitisha majira ya baridi kwa saa chache za umeme, na watu walikata miti ya bustani kwa kuni. Novemba 1997 alichapisha makala akionya kwamba muda hauko upande wa Waarmenia, kwamba Azerbaijan ina mafuta na dunia haitaikubali mipaka iliyobadilishwa kwa nguvu, hivyo mapatano yafanywe wakati wangali na nguvu. Mawaziri wake wakubwa walimpinga, na Februari 1998 akajiuzulu.

Baada yake Robert Kocharyan na Serzh Sargsyan, wote wazaliwa wa Karabakh, walitawala kwa miaka 20. Jina la usalama wa taifa likawa ngao ya mambo mengi. Uchaguzi ulilalamikiwa, matajiri wachache wakashika biashara, na tarehe 1 Machi 2008 watu kumi walikufa maandamano yalipozimwa Yerevan. Aliyehoji aliambiwa kwamba adui yuko mpakani. Ndiyo maana tarehe 31 Machi 2018 Pashinyan, mwandishi wa habari aliyegeuka mbunge, alipoanza kutembea kwa miguu kutoka Gyumri kuja Yerevan, matembezi ya watu wachache yakageuka mafuriko ya taifa zima. Tarehe 23 Aprili Sargsyan alijiuzulu, na hakuna risasi iliyopigwa.

Khor Virap na Yeraskh: mlima wa ng'ambo

Reli inatoka Yerevan ikielekea kusini mashariki, ikimwacha abiria na Ararat dirishani. Karibu na mpaka ipo monasteri ya Khor Virap, yenye shimo ambamo, kwa mapokeo, Gregory Mwangazaji alifungwa miaka mingi kabla ya kumbatiza mfalme. Ararat inaonekana pale kwa ukaribu unaoumiza. Kwa Mkataba wa Kars wa tarehe 13 Oktoba 1921, mlima huo umo ndani ya Uturuki. Bado umo katika nembo ya Jamhuri ya Armenia, ukiwa na safina ya Nuhu kileleni.

Pashinyan ameligeuza jambo hili kuwa msingi wa siasa zake. Anatofautisha Armenia ya kihistoria, inayoishi katika nyimbo na ramani za kale, na Armenia halisi yenye kilomita za mraba 29,743 zinazotambuliwa kimataifa. Anasema mzalendo ni yule anayeipenda na kuijenga hiyo ya pili. Mwaka 2025 serikali yake iliamua kuiondoa picha ya Ararat kwenye mihuri ya pasipoti mipakani, na Waarmenia wa ughaibuni, wajukuu wa walionusurika 1915 walio Beirut, Paris na Los Angeles, wakaona wametengwa na nchi ambayo babu zao hawakutoka kwenye ardhi yake ya leo hata kidogo.

Afrika ilipita katika mjadala unaofanana na huu. Julai 1964, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo ulipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru, na Julius Nyerere ndiye aliyeliwasilisha. Alijua mipaka hiyo ilichorwa na wakoloni bila haki. Alijua pia kwamba kuichora upya kungemwaga damu isiyo na mwisho. Jamhuri za Kisovieti zilipoachana, Tamko la Alma-Ata la tarehe 21 Desemba 1991 lilitumia kanuni hiyohiyo, na Armenia ilitia saini. Oktoba 2022, mjini Prague, Pashinyan na Aliyev walilitaja tamko hilo kama msingi wa kutambuana.

Mbele kidogo, katika kijiji cha Yeraskh, reli inakoma. Ng'ambo ni Nakhchivan, sehemu ya Azerbaijan, na ndani yake umo mji wa Julfa. Makaburi ya kale ya Waarmenia huko Julfa yalikuwa na maelfu ya mawe yaliyochongwa misalaba. Desemba 2005 wanajeshi walipigwa picha kutoka upande wa Iran wakiyavunja kwa nyundo. Anayewataka Waarmenia waache kutazama nyuma awaeleze kwanza mawe hayo yako wapi.

Kornidzor: barabara ya Septemba

Ili kuelewa Meghri, inabidi kuiacha reli na kupanda milima ya Syunik hadi kijiji cha Kornidzor, kwenye barabara ya Lachin iliyounganisha Karabakh na Armenia.

Agosti 2019 Pashinyan alisimama Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, akatangaza kwamba Karabakh ni Armenia, akaweka nukta. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Septemba 2020, Azerbaijan ilianzisha vita kwa msaada wa Uturuki na ndege zisizo na rubani. Katika siku 44 walikufa zaidi ya wanajeshi 6,000 wa pande zote mbili, na Shushi ikapotea. Urusi ilileta mapatano ya usiku wa Novemba na walinda amani 1,960. Septemba 2022 Azerbaijan iliishambulia Armenia yenyewe, hadi karibu na mji wa Jermuk, na Jumuiya ya Mkataba wa Usalama wa Pamoja haikutuma jeshi. Desemba mwaka huo barabara ya Lachin ikafungwa mbele ya macho ya walinda amani, na Karabakh ikashinda na njaa miezi tisa. Waswahili walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tarehe 19 Septemba 2023 mashambulizi ya mwisho yalidumu siku moja. Ndani ya juma moja hivi, zaidi ya watu 100,000, karibu Waarmenia wote wa Karabakh, walipita Kornidzor kuelekea Goris wakiwa na mablanketi juu ya paa za magari. Zaidi ya 200 waliungua katika mlipuko wa ghala la mafuta karibu na Stepanakert wakipanga foleni kupata petroli ya safari. Viongozi wao wa zamani walikamatwa na kupelekwa Baku.

Baada ya hapo serikali ikageuza usukani. Februari 2024 Armenia ikawa mwanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mwezi huohuo Pashinyan akasema imesimamisha ushiriki wake katika jumuiya ya Moscow. Ilikuwa imekwisha kuwapokea waangalizi wa Umoja wa Ulaya mpakani, ikanunua silaha India na Ufaransa, na Machi 2025 bunge likapitisha sheria ya kuanza safari ya kujiunga na Umoja huo.

Meghri: mlango wa kusini

Kipande cha Meghri kina urefu wa kilomita 43 hivi, kati ya Nakhchivan na Azerbaijan yenyewe, Iran ikiwa ng'ambo ya Aras. Mapatano ya Novemba 2020 yaliwapa walinzi wa Kirusi kazi ya kuisimamia njia hiyo. Baku iliiita ushoroba na kutaka magari yake yapite bila kuulizwa. Yerevan ilikataa, kwa kuwa dola isiyokagua anayepita ndani yake imekwisha kugawanywa.

Tamko la Washington linasema njia itafunguliwa kwa kuheshimu mamlaka ya Armenia juu ya ardhi yake, Marekani ikishiriki kuijenga, na jina la Trump limewekwa juu yake. Siku hiyohiyo mawaziri wa mambo ya nje waliweka herufi za majina yao kwenye rasimu ya mkataba wa amani. Azerbaijan inataka kwanza Armenia ibadilishe katiba, ambayo utangulizi wake unarejea Tangazo la Uhuru la 1990, ambalo nalo linarejea uamuzi wa 1989 wa kuungana na Karabakh. Pashinyan naye amesema nchi inahitaji katiba mpya.

Jambo lililonipa matumaini zaidi hapa halikupigiwa tarumbeta. Tarehe 1 Januari 2025, katika kituo cha Agarak kwenye mpaka wa Iran, walinzi wa Kiarmenia walichukua kazi iliyokuwa ya Warusi tangu miaka ya 1990. Kwa mara ya kwanza katika uhuru wao, anayeingia Armenia kutoka kusini anapigiwa muhuri na Mwarmenia peke yake.

Yanayopasa kusemwa

Baada ya vituo vyote hivi, naamini Pashinyan ana haki katika jambo kuu. Mwiko wa karatasi wa Berlin na Sèvres ulishindwa. Ulinzi wa Urusi ulishindwa. Ardhi iliyotekwa mwaka 1994 haikulinda, na iliwafanya majirani wajiandae kwa vita vingine. Mipaka inayotambulika, biashara na jirani, na jeshi la kulinda nchi iliyopo ndiyo sera iliyobaki ambayo taifa la watu milioni tatu linaweza kuibeba. Ter-Petrosyan aliyasema haya wakati Waarmenia wangali na cha kubadilishana, na kutomsikiliza kuligharimu vijana wengi.

Lakini sera sahihi huharibiwa na mkono mbaya. Amani isijengwe kwa kuwafunga wapinzani na kulichagulia Kanisa mkuu wake. Armenia halisi haihitaji kumwona mjukuu wa aliyenusurika 1915 kuwa kero; mipaka hupatanishwa na serikali, kumbukumbu hubaki mali ya watu. Waliopita Kornidzor wanadai nyumba, kazi, uraia kamili na haki ya kuzuru makaburi ya wazee wao, na serikali iliyosaini tamko la Washington kwa niaba yao inawiwa nao kabla ya mtu mwingine yeyote. Wala Marekani isishike nafasi ya Urusi mioyoni mwa watunga sera, maana Washington iko mbali kuliko Moscow.

Walioshinda nao wana deni. Azerbaijan iwaachilie viongozi wa Karabakh iliowafunga na ilinde makanisa na makaburi yaliyobaki mikononi mwake. Uturuki ifungue mpaka ilioufunga mwaka 1993, na ikiri yaliyotendwa 1915. Amani inayomdai mshindwa peke yake abadili katiba, nembo na kumbukumbu zake haitadumu, na watakaoilipia ni watoto wa pande zote mbili za mto Aras.